Mafuta ya mwarobaini kwenye sukuma wiki: uzoefu wangu wa miezi 3

Nyuma ya nyumba yetu hapa Morogoro nina viroba 14 vya mboga, vingi sukuma wiki na vichache chainizi. Tunakula wenyewe, na zinazozidi nawauzia majirani kwa mafungu. Kiangazi cha mwaka jana vidukari (wengine tunawaita wadudu mafuta) walivamia. Ukigeuza jani, upande wa chini umejaa vidudu vya kijivu kama vimepakwa unga, sisimizi wanapanda na kushuka kufuata ule umajimaji mtamu wanaoutoa vidukari.

Nilianza kwa kwenda duka la pembejeo. Nikauziwa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo wala jina. Nilipouliza nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna, nikajibiwa "mbili tatu hivi". Sikuitumia. Mboga hii wanakula watoto wangu na wa jirani, siwezi kuwapa kitu ambacho hata jina lake silijui.

Ndipo nikanunua chupa ya ml 250 ya mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa bila moto. Harufu ni kali, kitunguu saumu na karanga zilizovunda kwa pamoja. Asubuhi za baridi ya Julai yanaganda, inabidi uizamishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilitia mafuta kwenye maji matupu, yakaelea juu, nikapulizia saa nne asubuhi jua likiwaka. Chainizi ziliungua kingo, vidukari wakabaki walivyokuwa. Mafuta hayachanganyiki na maji bila sabuni, na kidukari anayeshambulia mboga za jamii ya kabichi, kama sukuma wiki, ana nta mwilini, maji yanamteleza. Sasa natumia kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, pamoja na sabuni ya mche kidogo niliyoikwangua. Natikisa sana, napulizia jua likishazama, na nageuza kila jani. Kupulizia juu tu ni kumwaga hela, maana wadudu wako chini. Ulichochanganya kitumie siku hiyohiyo, kwani kikilala kinapoteza nguvu.

Usitegemee kuamka ukute maiti. Kiini chake, azadirakitini, humkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga kujivua gamba kwake, kwa hiyo wachanga ndio wanaoshindwa kukua. Mimi niliona tofauti baada ya siku 5 hivi, na nilirudia kila wiki kwa wiki 4. Ukiacha katikati wanarudi haraka, kwa sababu jike la kidukari huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai. Majani yaliyojaa kabisa niliyakata nikayafukia.

Kwa vidukari, basi, nimeridhika sana. Kwa viwavi wa nondo mgongo-almasi, wale wadogo wa kijani wanaojinyonganyonga ukiwagusa na kuning'inia kwa uzi, hayakunitosha. Hao niliwazuia kwa neti ya bustani yenye matundu madogo, si chandarua cha mbu chenye dawa. Ifunike mapema, miche ikiwa safi, la sivyo unawafungia vidukari ndani na kuwazuia wale mbawakavu wekundu wenye madoa meusi wanaowala. Nikiwaona hao mbawakavu kwenye kiroba, kiroba hicho sikipulizii kabisa.

Ladha: ukivuna kesho yake, jani linakuwa na uchungu. Mimi naacha siku 3 bila kupulizia kabla ya kuvuna, na anayeninunulia namwambia nilipulizia lini na nini.

Jikoni bado naosha kama zamani. Nachambua jani mojamoja, sikati kwanza, naloweka kwenye beseni la maji ya chumvi dakika 10, kisha nasugua mgongo wa jani kwa kidole chini ya bomba. Kwenye mikunjo ya sukuma changa hubaki wawili watatu, na chumvi peke yake haiwatoi.

Chupa ya kwanza ilinitosha kiangazi kizima na ikabaki robo. Mwaka huu nimeshanunua nyingine, na nitaanza kupulizia mwezi Juni, nikimwona kidukari wa kwanza.