Mfamasia wa wodini: nyota nne

Siku sita nilizomuuguza mama hospitalini, aliyenikosha zaidi ni mfamasia. Mimi nilidhani wafamasia hukaa dirishani tu wakihesabu vidonge. Kumbe huyu anazunguka wodini na madaktari kila asubuhi, faili mkononi.

Siku ya kwanza akaniambia, "Dada, nionyeshe dawa zote anazotumia nyumbani, hata za mitishamba." Nikamwaga mkoba kitandani. Akaokota pakiti mbili, rangi tofauti, majina tofauti. Ndani, dawa ileile: amlodipini ya presha. Mama alikuwa anameza zote mbili, na sisi tunashangaa miguu kuvimba!

Kubwa zaidi ni la warfarini, anayotumia damu isigande. Daktari wa zamu alimwandikia metronidazoli, dawa ya kuua bakteria. Mfamasia akaizuia kabla ya dozi ya kwanza, akanieleza kwamba hiyo hulifanya ini lichelewe kuivunja warfarini, na mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Akampigia daktari hapohapo, dawa ikabadilishwa, na kesho yake wakapima tena kasi ya damu kuganda.

Kasoro? Wikiendi hayupo. Jumamosi dozi ya saa mbili usiku ililetwa saa nne, na wa kumuuliza hakuna.

Tulipopewa ruhusa nilikabidhiwa orodha iliyochapwa: dawa, saa, kazi ya kila moja, na zilizosimamishwa zimepigwa mstari mwekundu. Ipo mlangoni mwa friji. Nyota ya tano nitaitoa wakiweka mtu Jumamosi na Jumapili.