TestDisk na PhotoRec: usifomati eksteno kabla ya kuzijaribu

Eksteno, yaani diski ya nje ya USB, ikichomekwa na Windows ikadai ifomatiwe kwanza, kataa. Mara nyingi faili bado zimo. Kilichovurugika ni kumbukumbu zinazoionyesha kompyuta kila faili ilipo. Kwa kazi ya kuziokoa faili hizo, TestDisk na PhotoRec, programu za bure za Christophe Grenier, zinastahili kujaribiwa kabla ya kulipia nyingine yoyote. Mpiga picha wa harusi aliyetoka Capri Point, Mwanza, na kazi ya siku nzima, au mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT mwenye tasnifu, anazihitaji zote mbili.

Kwanza isikilize. Ikigonga tk-tk-tk, mara nyingi vichwa vya kusomea vimeharibika: ichomoe, maana kuendelea kuiwasha kunaweza kukwangua sahani zinazohifadhi data. Isipogonga, badilisha waya na tundu. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 na la USB 3.0 hutoa 900, na diski huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma.

Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, utazame mistari ya 05, C5 na C6, ambayo ni hesabu za sehemu mbovu. C5 ikizidi sifuri kwenye safu ya "Raw Values", zipo sehemu zinazogoma kusomeka, kwa hiyo tengeneza nakala ya diski nzima kwanza kwa ddrescue ya Linux:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map

Hapo /dev/sdb ni jina la diski; lihakikishe kwanza kwa lsblk, amri ya Linux inayoorodhesha diski. Eksteno ya TB 1 inahitaji nafasi tupu ya TB 1 mahali pengine, na hapa ndipo gharama halisi ilipo. Faili ya .map ni muhimu sana kwetu: umeme ukikatika katikati ya kazi, amri ileile huendelea ilipoishia. Baada ya hapo, TestDisk na PhotoRec zifanyie kazi nakala hiyo.

TestDisk haina mapambo: skrini nyeusi, mishale na Enter. Iendeshe kama msimamizi, tambua eksteno kwa ukubwa wake, ukubali aina ya jedwali la partisheni (migawanyo ya diski) inayopendekezwa, kisha ingia "Advanced" na "Boot". Ikionyesha sekta ya kuwashia (boot sector, kifupi BS) ni "Bad" lakini ya akiba ni "OK", chagua "Backup BS". Zote zikiwa mbovu, chagua "Rebuild BS", lakini bonyeza "List" kabla ya "Write". Majina ya folda yakitokea sawasawa, usiandike chochote bado: bonyeza a kuchagua zote, kisha C kubwa kuzinakili kwenye diski nyingine. Partisheni ikiwa imepotea kabisa, pitia "Analyse" na "Quick Search".

chkdsk /f isitangulie. Hiyo hurekebisha mfumo wa faili, haina jukumu la kuokoa kazi yako, na inaweza kukuachia folda ya FOUND.000 iliyojaa vipande vya .CHK.

TestDisk ikishindwa, PhotoRec hutafuta faili kwa alama za mwanzo wake. Kama unatafuta picha na video, katika "File Opt" bakiza alama kwenye jpg, mov na tif tu. Picha ghafi za CR2 na NEF zimo ndani ya tif, jambo ambalo wengi hulikosa. Chagua "Whole". Utapata folda za recup_dir zisizo na majina ya awali, na video ndefu zilizotawanyika kwenye diski huweza kutoka zimeharibika. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Kwa picha za kawaida, hata hivyo, naiamini sana.

Eksteno nyingi za WD My Passport zina tundu la USB kwenye bodi yenyewe na hufunga data kwa chipu, kwa hiyo kutoa diski ili uichomeke kwenye tundu la SATA ndani ya kompyuta hakusaidii. Na diski inayogonga isifunguliwe kifuniko kwenye meza ya fundi, iwe Makoroboi au Nyegezi. Vumbi likitua juu ya sahani, hata maabara yenye chumba safi itapata kazi ngumu zaidi.