TAHADHARI: Muuza lenzi aliyeniliza 850,000 Mwenge

Wadau wa picha, nina siku nne naandika hili na kulifuta kwa aibu. Leo nalituma. Yule kijana wa lenzi za mtumba tuliye naye kundini, anayemjibu kila mtu "karibu bosi", msimpe hela. Jina na namba wasimamizi wa kundi wanavyo.

Mnajua nilivyohangaika kutafuta 70-200, lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, tangu ile safari ya Bagamoyo. Akaweka Canon f4, ile nyeupe, 850,000, wiki ileile niliyopokea hela ya mchezo wetu wa kuchangiana. Na sikukurupuka jamani! Nilimwambia situmi hela kwa mtu nisiyemwona, tukutane. Akakubali palepale. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, maana tapeli tuliyemzoea ni yule anayekwepa kuonana.

Tukakutana Mwenge, saa moja kasoro jioni, giza linaingia. Kachelewa dakika 40, kaja anahema, boda kaiacha inaunguruma pembeni. Lenzi kaifunga kwenye kitambaa safi cha bluu. Akaifungua taratibu, akafuta kioo cha mbele huku namtazama, akanipa niifunge mwenyewe kwenye kamera. Nikapiga daladala picha tatu, nikazikuza, namba ya gari inasomeka vizuri kabisa. Nikaichomoa niiangalie kwa nyuma. Akanishika kiwiko kwa upole: "Dada yangu, hapa kuna vibaka, irudishe kwenye begi. Kaikague nyumbani kwa nafasi. Ndani ya siku saba ukiona kasoro, hela yako narudisha." Maneno hayohayo aliyaandika kundini na wengi wenu mkamgongea dole. Nikatuma hela nimesimama palepale. Ujumbe ulipoingia akasoma mara mbili, akapanda boda, akaondoka.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili usiku umeme ukakatika, natafuta kifuniko kwa tochi ya simu, mwanga ukapenya ndani ya lenzi. Nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Fangasi! Fundi akaniambia imeshakula tabaka la juu la kioo, hata ikisafishwa alama zitabaki. Ndiyo maana picha nilizopiga kuelekea jua zilitoka zimefifia kama zina moshi.

Nilimpigia usiku uleule, siku ya pili kati ya saba. "Usijali dada, ilete kesho." Kesho yake yuko Morogoro. Mara anataka video, nikatuma. Mara fangasi imeota kwangu kwa sababu naishi Kigamboni karibu na bahari. Kwa siku mbili? Mara atanipa laki mbili tuyamalize. Siku ya nane akaandika "muda umeisha", akanibloku.

Dalili zilikuwepo. Tangazo lake halikuwa na picha hata moja ya kioo cha nyuma. Skrubu mbili za nyuma zimekwaruzwa, ilishafunguliwa. Na ile haraka ya boda. Kabla hujatoa hela mulika tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili, na iwe mchana.

Lakini mimi nataka achukuliwe hatua. Polisi nimeshafika, RB ninayo. Namba aliyopokelea hela nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Wasimamizi mtoeni leo, na kwenye lile kundi la droni pia, maana jana tu alikuwa anatangaza betri huko. Asiuze tena hata kamba ya kamera hapa Dar mpaka anirudishie hela yangu yote, ile laki mbili yake siitaki. Dada wa watu nimekaa miezi kumi nachangia mchezo, yeye kaila kwa nusu saa!

Mliopiga naye picha Kilwa, mmoja wenu anajua anapoishi. Naomba anipigie leo, lenzi ya huyo kijana iko tayari kwenye kitambaa chake cha bluu.