Tathmini ya huduma: ofisi ya wahasibu iliyotutayarisha kwa ukaguzi wa ushuru

Mfanyabiashara mdogo wa Nairobi anapopokea barua ya ukaguzi kutoka kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ushauri wa kwanza anaopewa na majirani ni kwamba amtafute mtu anayemjua mtu. Ofisi ya wahasibu ninayoitathmini hapa ilitukatalia njia hiyo tangu kikao cha kwanza, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza. Ni ofisi ya vyumba viwili katikati ya jiji, si mbali na Barabara ya Luthuli, na leseni yake ya wakala wa ushuru imetundikwa ukutani. Jina lake siliandiki kwa kuwa faili yetu bado haijafungwa.

Duka letu la vipuri vya magari liko Barabara ya Kirinyaga. Barua ilitaka taarifa za benki, daftari la mauzo, ankara za ununuzi, na maelezo ya kwa nini mauzo yaliyomo katika ritani zetu za VAT yalitofautiana na yale ya ritani ya mapato ya mwaka.

Kazi iliyochukua muda mrefu zaidi, na iliyofanywa vizuri kuliko zote, ilikuwa kulinganisha fedha zilizoingia benki na mauzo. Mkaguzi huanza na jumla ya fedha zilizoingia, na kiasi chochote kisichoelezeka hukihesabu kuwa mauzo yaliyofichwa. Sheria nayo imemwekea mlipa ushuru mwenyewe jukumu la kuthibitisha kwamba sivyo. Wahasibu hawa walipitia taarifa mstari kwa mstari wakiwa na kalamu za rangi tatu. Kijani ilikuwa ya mauzo, bluu ya fedha zilizohamishwa kutoka akaunti yetu moja hadi nyingine, na nyekundu ya kila kitu kilichohitaji ushahidi. Hapo ndipo ilipobainika kwamba fedha za till ya M-Pesa zilikuwa zimehesabiwa mara mbili, kwanza zilipolipwa na wateja, kisha zilipopelekwa benki. Kwenye mstari mmoja mwekundu, mhasibu kijana alimgeukia dada yangu mkubwa, ambaye ni mshirika wangu katika biashara.

“Mama, hizi 180,000 za mwezi wa tatu zilitoka wapi?”

“Ilikuwa zamu yangu ya kupokea michango ya chama, mwanangu.”

“Basi naomba daftari la chama, ukurasa wenye sahihi ya mweka hazina, na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha michango yako ya miezi ya nyuma. Mkaguzi hatalikubali neno tupu.”

Vivyo hivyo waliutafutia mkopo wa Sacco barua yake ya idhini. Kila ushahidi uliambatishwa nyuma ya mstari uliohusika na kupewa nambari, kiasi kwamba dada yangu, ambaye hakusomea uhasibu, sasa anaweza kulifungua faili na kulieleza mwenyewe bila kumngojea mtu. Huduma ya namna hii ni adimu, kwa maana mawakala wengi huondoka na makaratasi yako na kukurudishia majumla tu.

Risiti nazo zilitunzwa kwa uangalifu. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka 5, ilhali karatasi ya mashine ya risiti hufifia mapema kuliko hapo, hasa ikikaa dukani penye joto. Kila risiti ilitolewa nakala na kubanwa pamoja na asili yake. Daftari letu la mauzo limeandikwa kwa Kiswahili, na hawakutuambia tulitafsiri, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inakubali lugha yoyote kati ya lugha mbili rasmi.

Kuhusu ununuzi, walikuwa wakali, na walistahili kuwa hivyo. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki katika kukokotoa ushuru wa mapato, isipokuwa aina chache kama mishahara, riba na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, ambazo hutegemea hati za forodha. Tulipouliza kama pengo lingeweza kuzibwa kwa kununua ankara tu, bila bidhaa, walitujibu waziwazi kwamba ankara hewa zingegeuza tofauti ya hesabu kuwa kosa la jinai, na kwamba wao hawangeitia sahihi kazi ya namna hiyo.

Yapo nisiyoyapenda. Ada ya maandalizi ilikuwa shilingi 45,000, ambayo naiona ya haki, lakini hakuna aliyetuambia mapema kwamba kuandamana nasi kwenye kikao na wakaguzi hulipiwa kando. Jambo hilo lilipaswa kuandikwa katika makubaliano ya mwanzo. Vilevile, waliharakisha kuyafuta manunuzi yasiyo na ankara ya eTIMS kabla hatujawauliza wauzaji. Tulipowafuata wenyewe, baadhi yao walikuwa na ankara hizo katika mfumo, ila hawakuwa wametukabidhi. Mteja asiyefuatilia angelipa ushuru asiodaiwa.

Tulikabidhiwa pia karatasi moja ya tarehe, ambayo kila mwenye duka angefaa kuwa nayo. KRA ikitoa makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, pamoja na sababu na nyaraka zako, na sehemu ya ushuru usiyoipinga lazima uilipe au uiombe KRA ikuongezee muda wa kuilipa. Kamishna naye ana siku 60 za kuamua. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 30 za kukata rufaa mbele ya Jopo la Rufaa za Ushuru.

Naipendekeza ofisi ya aina hii kwa mwenye duka ambaye hesabu zake ni za kweli lakini hazijapangwa. Aende mapema, akiwa na taarifa zote za benki na za M-Pesa, na adai ada zote kwa maandishi kabla ya kuacha hata karatasi moja mezani pao.