Usianze na Katana: Silaha za Jadi za Kununua Ukiwa Arusha au Moshi

Kijana mmoja wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, alinionyesha kwenye simu katana, upanga wa Kijapani, aliyotaka kuagiza. Laki tatu na nusu, pamoja na usafiri. Nikamuuliza kama ana sime. Akacheka. "Sime si wanazo walinzi, kaka?"

Ndiyo, wanazo walinzi. Anapita pembeni yake kila usiku akirudi nyumbani, imening'inia kiunoni mwa mlinzi wa geti, na hajawahi kuiangalia. Mtu wa Tokyo au Berlin anayekusanya silaha za jadi angelipa nauli kuja kuiona. Huo ndio msimamo wangu kwa yeyote anayeanza kukusanya: nunua kwanza kitu ambacho unaweza kumfikia aliyekifua, au walau aliyekitumia. Nimepanga orodha hii kwa kipimo hicho. Bei na umri vinafuata nyuma.

Ya kwanza: sime

Sime ya Kimasai, wao huiita olalem, ni upanga mfupi wenye makali pande mbili. Haina kikinga mkono. Bapa lake ni jembamba karibu na mpini, linapanuka polepole, na linakuwa pana zaidi likikaribia ncha, kama jani. Uzito umehamia mbele, kwa hiyo pigo lake ni zito kuliko unavyotegemea ukiona urefu wake. Mpini umevikwa ngozi. Ala ni vibao viwili vyembamba vilivyofunikwa ngozi na kutiwa rangi nyekundu. Wakikuyu na Wakamba nao wana sime za kufanana na hizi, na muuzaji asiyejua atakuambia zote ni za Kimasai.

Usiogope ukisikia kuwa chuma chake ni springi ya gari. Sime nyingi za leo zimefuliwa kwa springi, tupa kuukuu au panga iliyokatwa, na springi ikifuliwa vizuri inatoa sime nzuri kabisa. Cha kuogopa ni hadithi inayoambatana nayo.

Mimi mwenyewe niliingizwa mjini. Duka moja la vinyago hapa Arusha liliniuzia "sime ya babu, ina miaka mia" kwa shilingi 180,000. Ilikuwa na kutu ya rangi nzuri na ngozi iliyochakaa, nikaitundika sebuleni kwa majivuno. Baada ya masika mawili ngozi ya mpini ikaachia. Nikaivuta kidogo nione msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, umekaaje, na pale chini, kwenye chuma, kulikuwa na mkia na mguu wa nyuma wa mamba. Mhuri wa panga la dukani! Fundi alikata mamba katikati, kichwa kikaenda upande mwingine wa dunia, mkia akauficha chini ya ngozi. Nilipomwonyesha mhunzi mmoja wa Marangu alicheka hadi akaweka nyundo chini. Akasema kazi si mbaya, ila babu huyo ni mdogo kwangu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi kabla ya kutaja bei. Naichomoa polepole. Sime iliyoishi na ala yake hutoka kwa kukwama kidogo tu. Iliyolazimishwa kwenye ala ya mwenzake hucheza au hukwaruza. Naigonga kwa ukucha karibu na ncha: springi hulia, bati hukohoa. Halafu naigeuza juani niangalie michirizi. Mikwaruzo sambamba, yote imelala upande mmoja, ni kazi ya grenda. Nyundo huacha mabonde madogo yasiyolingana, hayaonekani mpaka mwanga upite kwa mshazari. Kutu nayo husema: ya miaka ni ya kahawia iliyokolea, imekaa kimya kwenye chuma, ya wiki jana, ya siki au chumvi, ni ya rangi ya chungwa na inabaki kidoleni. Mwisho nanusa ngozi. Jasho, moshi na mafuta ya mnyama havifanani na kiwi.

Makali yaliyoliwa upande mmoja kuliko mwingine ni dalili nzuri sana. Mtu wa mkono wa kulia hanoi kwa usawa.

Nenda mnadani badala ya maduka ya barabara za watalii. Siku ya mnada wa ng'ombe Kisongo, au sokoni Ngaramtoni, utaona sime viunoni kuliko utakazoziona mezani, na hapo ndipo adabu inapohitajika. Usianze na bei.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba kuiona sime yako."

"Kuiona au kuinunua?"

"Kuiona kwanza, mzee."

Mzee huyo aliniachia niishike karibu dakika tano, akanieleza aliyemfulia na mwaka wa ukame alioipata, kisha akasema haiuzwi, ila ya mdogo wake inauzwa. Ndiyo niliyo nayo sasa, kwa shilingi 45,000 na soda mbili. Mtu akikataa, mwache. Sime aliyoachiwa na baba yake haipaswi kuja kwako kwa sababu tu siku hiyo ana shida ya ada.

Ukifika nyumbani andika kwenye karatasi: nani, wapi, lini, chuma gani, maelezo aliyokupa. Weka pamoja na ala. Bila karatasi hiyo una kisu tu.

Ya pili: mkuki, lakini uagize

Mkuki mpya naupa nafasi ya pili kwa sababu tuna kitu ambacho wakusanyaji wengi duniani hawana: unaweza kusimama mlangoni mwa mhunzi na kuona unavyozaliwa. Kule Mamba, jirani na Marangu, bado kuna Wachaga wanaofua kwa mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na wahunzi wa mlimani wamewafulia Wamasai mikuki kwa vizazi.

Kuna maumbo mawili makubwa ya kujua. La zamani lina chembe, yaani kichwa cha chuma, fupi na pana, kama jani. Lililokuja baadaye, ambalo kila mtalii amelipiga picha, lina chembe ndefu nyembamba kama upanga, kipande kifupi cha mti cha kushikia, na chuma kirefu cha chini cha kuchomeka ardhini. Mwambie mhunzi unataka lipi. Ukisema tu "mkuki wa Kimasai" atakupa la pili, fupi la kuingia kwenye begi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Shika chuma kwa mkono mmoja na mti kwa mwingine, zungusha. Ukifunguka kama kifuniko cha chupa, umetengenezwa kwa ajili ya ndege. Si dhambi, ila usilipe bei ya mkuki wa kazi.

Mikuki ya kale kweli ya Kilimanjaro ni adimu huku nyumbani. Vitu vingi vya zama za Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, utavikuta kwenye makumbusho ya Ujerumani. Mtu akikupa "mkuki wa vita vya Meli" kwa laki mbili kituo cha mabasi Moshi, mshukuru, uendelee na safari yako.

Ya tatu: hanjari

Huyu ni mgeni aliyekaa pwani hadi akawa mwenyeji. Hanjari ya Oman, jambia kwa wengine, ndiyo iliyo kwenye bendera ya nchi hiyo, na mwaka 2022 ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Zilifika Unguja na Waarabu wa Oman, na hadi leo chache hupanda kuja huku mikononi mwa wafanyabiashara.

Kwenye hanjari usipoteze muda na bapa. Thamani iko kwenye ala na mpini. Ala hupinda kama herufi J na hupambwa kwa fedha, ambayo mafundi wengi waliipata kwa kuyeyusha riale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa 1780 hata zikitengenezwa karne iliyofuata. Beba sumaku ndogo: fedha haivutwi. Shaba iliyopakwa rangi nayo haivutwi, kwa hiyo angalia kwenye kona zilizosuguliwa na nguo kama kuna wekundu au unjano unaochungulia.

Mpini ndio utakaokufunga. Hanjari bora za zamani zilitiwa pembe ya faru au pembe za ndovu. Kwetu hizo ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na maneno "niliikuta dukani" hayajamsaidia mtu. Kama mpini ni wa pembe na muuzaji anababaika kusema ni ya mnyama gani, irudishe mezani. Chukua ya mti.

Kuna sheria nyingine ambayo wakusanyaji huisahau. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863 kuwa malikale, na kuvitoa nje kunahitaji kibali. Hata kwa vya karibuni, nikimtumia ndugu wa Ulaya kitu chenye sura ya ukale huuliza kwanza ofisi ya mambo ya kale. Ni safari moja.

Ya nne: visu vya Kongo

Kwa uzuri vingekuwa vya kwanza. Mundu wa Wamangbetu wenye bapa lililopinda na matundu, visu vya kurusha vya Waazande vyenye matawi matatu, na ikul ya Wakuba, kisu kifupi chenye mpini wa mti. Wakuba husimulia kuwa mfalme wao Shyaam, karne ya 17, alipiga marufuku visu vya vita na kuweka ikul badala yake, kisu cha kuvaa wakati wa amani. Vingine havikukata kitu maisha yao yote. Vilihesabiwa kama fedha au mahari.

Nimeviweka hapa chini kwa sababu moja: vinafika Arusha vimebadilisha mikono mara nne au tano, na njiani kila mkono umeongeza umri. Nunua kwa sura, lipa kama pambo, usilipie hadithi. Mundu wa Kimangbetu wenye mpini mweupe, wa pembe za ndovu, rejea habari ya nyara kwenye hanjari.

Ya tano: khukuri

Kisu cha Nepal kilichopinda, chenye pengo dogo karibu na mpini. Kinachouzwa mitumbani mara nyingi ni cha watalii wa India: mpini wenye kichwa cha simba, ala yenye wanyama wa shaba. Cha kazi hakina simba. Kina visu viwili vidogo nyuma ya ala, kimoja cha kukatia, kingine butu cha kunyooshea makali na kuwashia moto kwa jiwe. Ukikuta vyote vitatu kwa elfu thelathini, usibishane.

Ya mwisho: katana

Upanga halisi wa Kijapani husajiliwa na kupewa cheti, na mhunzi mwenye leseni huko haruhusiwi kufua panga ndefu zaidi ya mbili kwa mwezi. Sasa wa laki tatu na nusu umetoka wapi? Ni bapa la chuma kisichoshika kutu, wimbi la makali, ule mstari wa mawimbi kando ya ukali, limechorwa kwa tindikali, na msuka ni mwembamba kama msumari. Ukiuzungusha kwa nguvu bapa linaweza kuruka na kukuacha na mpini. Kama unautaka kwa ukuta, haya. Ila ukikutana na wa kweli, usisugue kutu ya msuka wake hata kidogo: wataalamu husoma umri kwenye kutu hiyo, na jina la mhunzi hapo hapo.

Vya kwetu pia usivisugue kwa msasa. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa linatosha. Wakati wa masika chomoa sime kwenye ala, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuutunza karibu kabisa na chuma. Na kwenye basi la Moshi, funga vizuri kwenye kiroba, mwambie kondakta ni nini, iende kwenye buti. Mimi niliwahi kupanda na mkuki wa futi sita bila kusema, na abiria wote wa siti ya nyuma walishuka Usa River.