Sanaa ya Kisasa: Tusome Kazi Yenyewe au Zama Zake?

Kuna njia mbili za kuisoma sanaa ya kisasa, na hata falsafa. Ya kwanza ni kuitazama kazi yenyewe, mistari na rangi zake, bila kuuliza ilichorwa lini. Ya pili ni kuanza na zama: vita, siasa, na nani aliyeilipia.

Chukua Guernica, mchoro wa Picasso, msanii wa Hispania. Anayefuata njia ya kwanza ataona turubai lenye upana wa karibu mita 7.8, lote jeusi, jeupe na kijivu. Farasi anayelia kwa uchungu, mama aliyepakata maiti ya mwanawe, taa juu yao. Hayo si machache, na wengi huyapita mbio. Wa pili anajua zaidi: Guernica ni mji wa Wabaski, jamii ya kaskazini mwa Hispania, na ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937 na ndege za Ujerumani na Italia zilizomuunga mkono Franco, jenerali aliyeipiga vita serikali ya Jamhuri, na serikali hiyo ya Hispania ilikuwa imeshamwagiza Picasso kazi kwa ajili ya maonyesho ya Paris mwaka huohuo. Hapo ukosefu wa rangi unaanza kufanana na picha za magazeti yaliyoleta habari ile.

Njia ya pili ina hatari yake: mtu hukariri tarehe akasahau kutazama. Hata hivyo naichagua, mradi jicho litangulie. Kwa falsafa sina shaka kabisa, maana wanafalsafa wengi huandika kuwajibu wenzao, na asiyewajua waliojibiwa husikia upande mmoja tu wa mabishano.