Njia za kukimbilia za Ridgeway na vilima vya Chiltern: maoni ya mkimbiaji wa Tabora

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma Reading, kusini mwa Uingereza. Tangu habari ienee kwenye kundi letu la mchakamchaka hapa Cheyo, kila asubuhi tukiwa njia ya Kwihara naulizwa swali lilelile: "Mwalimu, kule mlikuwa mnakimbilia wapi?" Kujibu huku unahema ni adhabu. Shahada ya pili niliisomea mji huohuo na wikiendi zangu ziliishia vijijini, kwa hiyo leo naandika yote kwa mkupuo.

Ninayoipima hapa ni njia iitwayo Ridgeway, pamoja na vijia vinavyoizunguka kwenye vilima vya Chiltern. Ina kilomita 139, kutoka Overton Hill karibu na Avebury hadi Ivinghoe Beacon, na kuipita ni bure mwanzo hadi mwisho. Hakuna geti la kulipia wala mlinzi wa kukuandikisha jina. Gharama yako ni nauli ya treni na raba.

Anzia Goring. Ukiwa Reading unapanda treni inayokwenda upande wa Didcot, unashuka kituo cha Goring and Streatley, na mto Thames uko hapo chini unapita kati ya vilima vya mawe ya chokaa. Fuata Ridgeway kuelekea kaskazini. Mwanzo ni tambarare kandokando ya mto, unapita South Stoke na North Stoke, na mtu wa Tabora lazima atajiona bingwa. Mapafu yetu yamezoea mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, wakati kilele kirefu kuliko vyote cha Chiltern kina mita 267 tu. Nilicheka nilipoona wanakiita kilima.

Kicheko kiliisha Mongewell. Hapo njia inakata kulia na kushika Grim's Ditch, tuta na handaki la watu wa kale lililonyooka kupanda mashariki hadi Nuffield. Mapafu hayakuwa na neno. Vigimbi ndivyo vilivyolalamika, maana Tabora yetu ni bapa na hatujui kupanda. Unakimbia juu ya mizizi, miti imekufunika pande zote, na huwezi kuangalia juu kwa zaidi ya hatua mbili bila kujikwaa. Hata hivyo, katika yote niliyoyapita kule, kipande hiki ndicho ninachokiota. Mti mkuu wa vilima vile ni beech, gome laini la kijivu, shina limenyooka. Ndio uliowapa mafundi wa High Wycombe mbao za viti. Mwishoni mwa Aprili na Mei, chini ya misitu ya huko kunajaa maua ya buluu. Yanawahi kuchanua kabla majani hayajafunga juu na kuzuia jua. Mwalimu wa jiografia hawezi kupita pale bila kukumbuka miyombo yetu, inayotoa majani mekundu mwezi wa tisa na wa kumi kabla hata tone la mvua halijaanguka. Kila msitu na ujanja wake wa kuwahi.

Juu kuna mwewe. Wakubwa, rangi ya kutu, mkia wenye panda. Walikuwa wametoweka Uingereza kabisa, wakaanza kurudishwa Chiltern mwaka 1989 kwa ndege walioletwa kutoka Hispania, na leo wamejaa mpaka hutawashangaa tena baada ya muda.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Ukifika Nuffield, Ridgeway inakatiza uwanja wa gofu. Si kandokando ya uwanja, katikati kabisa: kuna nguzo nyeupe zenye namba zinazokuonyesha pa kupita, na matajiri na fimbo zao wanasubiri mtu wa raba zenye tope apite. Upande wa pili wa Chiltern, karibu na Wendover, njia hiyohiyo inakatiza barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya shamba ya waziri mkuu wao. Nilipita hapo nikiwa na kaptula na jasho, kamera zinaniangalia, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Ukitoka nje ya njia ni kosa. Ukibaki ndani yake, hata waziri mkuu hana la kukufanya.

Hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Vilima na miti ni nyongeza. Uingereza na Wales zina njia za umma za aina hii zaidi ya kilomita 200,000, nyingi zikiwa ndani ya mashamba ya watu. Mshale wa njano ni njia ya miguu, wa buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Njia kubwa za kitaifa zina alama ya tunda la mwaloni. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia iliyokatiza katikati ya shamba, lakini kwa kawaida ana siku 14 tu za kuirudisha ipitike. Nimewahi kupita katikati ya ngano imenifika kiunoni, mstari wa njia umekatwa wazi ndani yake, nikawa nageuka nyuma kila mara nikingoja mwenye shamba apige kelele. Hakuna aliyekuja.

Wala hawakupewa haya kwa hisani. Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi wa Manchester, walipanda kwa makusudi Kinder Scout, mlima uliokuwa umefungiwa kwa ajili ya uwindaji wa wenye mali, na watano wakafungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ndiyo iliyozilazimisha halmashauri kuchora njia zote za umma kwenye ramani rasmi, na ya mwaka 2000 ikafungua milima na nyika kwa watembea kwa miguu. Kwetu kijia cha mkato kutoka mtaani kwenda barabara ya Kwihara tulikipita miaka nenda rudi, mpaka mtu mmoja akajenga ukuta kwenye kiwanja chake, na sasa tunazunguka. Hatukuwa na mshale wala mstari wa kumwonyesha.

Kasoro zipo, na si ndogo. Ya kwanza tope. Chokaa hunyonya maji upesi, lakini juu ya vilima vya Chiltern kuna tabaka la udongo mzito uliochanganyika na mawe ya gumegume, na kuanzia Novemba huo hung'ang'ania raba kama ugali wa muhogo. Raba laini tunazovaa kwenye mchanga wa Tabora hazifai hata kidogo. Nunua zenye meno, na umwambie muuzaji ni za tope. Ya pili giza: Desemba jua linazama saa kumi jioni, na ndani ya msitu giza linawahi zaidi. Juni ni kinyume chake, saa tatu usiku bado unaona njia. Ya tatu ni mimea inayowasha, inayojaa pembezoni mwa vijia wakati wa kiangazi chao. Vaa soksi ndefu, na ukirudi kagua miguu, kwa kuwa kuna kupe wenye kuambukiza ugonjwa.

Ng'ombe? Wenzangu chuoni waliwaogopa kuliko nilivyoamini. Mnyamwezi hakimbii ng'ombe, nilidhani. Lakini ng'ombe wa kule hawachungwi, hakuna mtoto mwenye fimbo nyuma yao, na mwenye ndama akimwona mbwa wa mpita njia anakuja kweli. Punguza mwendo, wazungukie kwa mbali. Na kila geti ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Kuna jambo dogo la watu. Mjini Reading unaweza kupanda basi mwaka mzima bila kusalimiwa. Kwenye kijia msituni kila mtu anakusalimu, hata mzee mwenye mbwa watatu, nawe unajibu bila kusimama. Raha kwa mwenye saa mkononi. Hapa kwetu ukikutana na wazee watatu kati ya Cheyo na Kwihara, shikamoo na mwangaluka zitakuharibia muda wote, na ole wako ukipita bila kusimama.

Upande wa magharibi, ukivuka mto na kupanda kutoka Streatley, sitasema mengi. Ni njia pana ya chokaa juu ya nyanda wazi, upepo, anga, na viwanja vya nyasi vya kufanyia mazoezi farasi wa mashindano. Watu wengi huusifu huu kuliko ule wa msitu. Mimi ulinichosha. Hakuna kivuli na hakuna maji, kwani maji yote yanazama kwenye chokaa na kutokea chini vilimani kama chemchemi, ndiyo maana vijiji vyote viko bondeni. Beba chupa mbili. Mwenye nguvu aendelee siku nyingine hadi Uffington, akaone farasi mweupe wa mita 110 aliyechorwa kwa chokaa mlimani miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Ukiwa karibu naye huoni farasi, unaona mistari tu.

Kama una siku moja tu na unatokea London, chukua treni kutoka kituo cha Marylebone hadi Wendover. Unapanda Coombe Hill, mita 260, penye mnara wa wanaume wa Buckinghamshire waliokufa kwenye vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, kisha unashuka kuelekea Chequers kupitia msituni. Mandhari ya juu pale ni mapana kuliko ya Goring, na watu ni wengi, hasa Jumapili.

Nyota zangu: Goring hadi Nuffield nne na nusu kati ya tano, nusu imekwenda na tope. Wendover nne. Streatley kwenda magharibi tatu, na najua nitapingwa. Njia ya Kwihara, kwa kuwa mtaniuliza, naipa tatu na nusu: miembe inakupa kivuli, mchanga unakuhurumia magoti, na mwisho wake kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 pa kupumzikia. Ingekuwa na mshale mmoja tu wa njano, ningeipa nne.

Mpwa wangu anaondoka Septemba. Nimemwambia aanze na Nuffield mapema, kabla siku hazijafupika, anunue ramani ya karatasi ya Ordnance Survey yenye jalada la rangi ya chungwa, kwa kuwa mtandao unapotea mabondeni, na Jumapili aangalie ratiba ya treni kabla ya kufunga kamba za raba, maana siku hiyo ndiyo wanayopenda kukarabati reli.